Vikombe vya Wasioaga

Usiku wa jana niliota ndoto niliyoistahili, maana mchana wake mjinga wa ofisi nzima nilikuwa mimi.

Ofisi yetu iko Tanga mjini, ghorofani, juu ya duka la fundi cherehani. Tunatunza programu inayopokea meseji za kina mama wa kliniki: mtoto ana homa, chanjo ni lini, ziwa limevimba nifanyeje. Programu yenyewe haionekani. Haina picha wala kitufe. Inakaa nyuma, ndani ya seva, inapokea, inajibu, inanyamaza. Ila siku hizi ina tabia moja. Kila meseji ikiingia, programu inakopa nafasi kidogo kwenye mashine ili ifanye kazi, na kazi ikiisha inatakiwa kuirudisha. Nafasi nyingine hairudishi. Sisi wa kazi hiyo husema kumbukumbu inavuja, ingawa hakuna tone linalodondoka. Nafasi inakopwa tu, inakopwa, mpaka seva inajaa na kuzimika, na kina mama wanabaki kuandika "jamani mpo?" peke yao.

Jana niliitazama asubuhi nzima. Haikuvuja hata chembe. Nikasimama mbele ya wenzangu nikatangaza kwamba kasoro hiyo haipo, ni maneno ya watu wasio na kazi. Kidole changu kilikuwa bado juu pale seva ilipozimika. Mwenzangu Mbonea akaniuliza kama kidole hicho nakiuza au nakikodisha. Mkuu wetu hakucheka. Alisema, "Mhando, niletee sababu asubuhi, pamoja na namna ya kuizuia. La sivyo tunaifuta programu nzima, tunaanza upya na nyingine."

Na mimi, kwa aibu, nikajibu, "Ifuteni tu, mzee. Ni programu, si mtu."

Sasa niko sebuleni kwa seva.

Ni nyumba ndefu ya kizamani, yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Sebuleni wamekaa wale wanaoonekana: Saa, Kalenda, na Kikokotoo aliyevaa suti. Wamejipaka mafuta, wamekaa wima, wanangoja kutazamwa.

"Namtafuta anayefanya kazi," nasema.

Hawaudhiki. Kalenda ananyoosha kidevu kuelekea uani. "Huyo hatumjui vizuri," anasema. "Tunasikia birika tu."

Nakwenda uani, na siwezi kuweka mguu. Kuna vikombe kila mahali. Vikombe juu ya kigoda, vikombe juu ya ukuta, vikombe ndani ya viatu vilivyoanikwa, kikombe kwenye kila tawi la mkomamanga. Kila kimoja kina chai, na chai ya kila kimoja imefanya utando. Katikati yake yumo mama mmoja wa makamo, khanga ameifunga kiunoni, birika mkononi, anapita baina ya vikombe bila kugusa hata kimoja, kama mtu apitaye baina ya watoto waliolala.

"Hodi," nasema. "Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mimi Mahfudha. Kaa basi."

Nainama nikae kwenye kigoda.

"Kuna mtu hapa," kinasema kikombe kilicho juu yake.

"Simwoni mtu."

"Hata mimi simwoni. Lakini hajaaga."

Nakiuliza ni cha nani. Kikombe hakina haraka. Kinasema ni cha mama mmoja wa Pongwe, aliyeuliza mtoto akitapika baada ya dawa arudie au aache. Alijibiwa vizuri. Alianza kuandika neno la kushukuru, akafika kwenye "asa", simu ikaisha chaji.

"Na wewe?" nakiuliza cha pembeni.

"Mwanamke wa Muheza. Alisema 'subiri kidogo mtoto analia'. Nasubiri."

"Tangu lini?"

"Mtoto analia," kikombe kinanijibu, kana kwamba sikusikia mara ya kwanza.

Nageuka kwa Bi Mahfudha. "Bi, hivi vikombe unavitoa wapi?"

"Kabatini kwa nyumba. Mgeni akipiga hodi, nakopa kikombe. Akiaga, nakiosha, nakirudisha."

"Na asipoaga?"

Ananitazama kama niliyeuliza jambo la chumbani. "Mgeni asipoaga, mwanangu, maana yake bado yupo."

Hapo naelewa kitu, lakini kwa namna ya ndotoni, kama kuelewa rangi. Nafungua kabati la nyumba. Kabati karibu tupu, lina vikombe viwili tu visivyo na mikono, navyo vimeshikana kwa hofu.

"Umekuja kukopa?" kabati linaniuliza.

"Hapana, nachungulia tu."

"Wote huanza hivyo."

Nafunga mlango wa kabati, nageuka, na ua haupo tena. Niko kwenye chumba cha kliniki cha kupimia watoto. Mizani inaning'inia darini, ile yenye kaptula ya kitambaa anayovishwa mtoto kabla ya kutundikwa. Ndani ya kaptula hiyo amening'inia Bi Mahfudha, birika lake mapajani, anayumba taratibu. Anaonekana kuvumilia.

Pembeni yake yupo bwana mwembamba mwenye suti ya kaunda iliyopigwa pasi vizuri. Ananipa mkono.

"Mpunguza," anasema. "Nyumba ikijaa, mimi huja. Napima wote, nampunguza aliye mzito kuliko wenzake. Sina ubaya na mtu. Nasema pole kabla."

"Unampunguza vipi?"

"Anakuwa hayupo."

"Lakini huyu ndiye peke yake anayefanya kazi humu ndani."

"Naam," anasema Bwana Mpunguza kwa masikitiko ya kweli. "Mara nyingi huwa hivyo. Wale wa sebuleni ni wepesi kama karatasi." Anasoma mizani, anarudi nyuma, anasoma tena. "Pole, Bi."

"Nimeshapoa," anasema Bi Mahfudha. "Ila nikiondoka, yule wa Muheza mwambieni mtoto akinyamaza aendelee pale alipoachia. Asianze mwanzo."

Nakumbuka maneno yangu ya mchana. Naona haya hata kumtazama, na hali mwenyewe anajitahidi asimwage chai.

"Bwana Mpunguza," nasema, "uzito huo si wake. Ni wa vikombe. Kuna kasoro, na mimi ndiye niliyetumwa kuitafuta."

"Umeiona?"

"Nimeona vikombe."

"Vikombe hata mimi naviona. Umekiona kimoja kikikwama? Toka mwanzo, hodi, mpaka kukwama?"

"Bado."

"Kasoro isiyorudiwa mbele ya macho yangu," anasema kwa upole, "mimi huiita umbea. Lakini nina moyo. Nionyesheni kikombe kimoja kikikwama, nitangoja mpaka asubuhi mniletee kanuni ya kuvipunguza. Mkishindwa, nampunguza yeye."

Anamfungua Bi Mahfudha kwenye kaptula, mguu mmoja, halafu wa pili, anamwomba radhi kwa kila kifungo.

Mlango wa kliniki unafungukia jukwaa la stesheni ya reli. Hakuna anayeshangaa. Bi Mahfudha anatandika mkeka jukwaani, anaweka birika, anaazima kikombe kimoja kisicho na mkono kutoka kwenye kabati, nalo limetufuata. Mimi napanda treni ili nishuke kama mgeni.

Nashuka. "Hodi, Bi. Shikamoo."

"Marahaba. Karibu chai."

Nakunywa. Nasema chai nzuri. Nasema, "Haya, Bi, mimi naaga."

"Asante kwa kuja. Wasalimie nyumbani."

Kikombe kinajiosha, kinajipangusa, kinatembea chenyewe mpaka kabatini. Kabati linasema, "Karibu tena nyumbani."

Narudia. Nakuja kwa haraka, nakuja kwa kuchelewa, nakuja na swali refu, nakuja sina swali. Nakuja mara nyingi mpaka sijui kama napanda au nashuka. Kila mara kikombe kinarudi. Bwana Mpunguza amekaa kwenye benchi la abiria, anapiga miayo akiwa ameziba mdomo kwa adabu.

Nafikiri pengine shida ni wingi. Basi treni inayofuata inashusha mimi kumi na wengi zaidi, wote mimi, tumebanana mkekani. Mmoja anajipendekeza apate sukari ya ziada. Mwingine anasimulia jinsi seva ilivyozimika mchana, na anaisimulia kwa namna inayomfanya aonekane shujaa. Bi Mahfudha anatupatia wote vikombe, sijui kavitoa wapi kwa kabati lile, na hachanganyi hata kimoja. Halafu tunaaga, mmoja baada ya mwingine, tunashikana mikono, tunatumiana salamu za nyumbani. Vikombe vyote vinarudi kabatini kwa mstari kama wanafunzi.

"Hakuna kinachovuja," anasema Bwana Mpunguza, na anaanza kuandaa ile kaptula.

Ndipo kile kikombe cha Pongwe, kilichokuwa kimefichwa kwenye ncha ya khanga ya Bi Mahfudha, kinaninong'oneza, "Shida yenu nyinyi nyote mmelelewa."

Kinasema kweli. Asubuhi nzima ofisini nilikuwa naipima programu kwa adabu: naingia, nauliza, nafunga mlango vizuri. Programu inayopimwa na wenye adabu itavuja wapi?

"Bi," nasema, "safari hii naondoka bila kuaga."

"Haya, mwanangu. Ukiweza."

Nashuka, napiga hodi, nakunywa mafunda mawili. Halafu nainuka kimyakimya, navua viatu nivishike mkononi, nanyata kuelekea kwenye treni kama mwizi wa kuku. Mguu mmoja uko ndani ya behewa pale mdomo wangu unaposema wenyewe, "Haya, Bi, tutaonana."

Kikombe kinanawa, kinakwenda kwao.

Najaribu tena huku nimeziba mdomo kwa kiganja. Mkono mwingine unapunga. Kikombe kinakwenda kwao. Najaribu huku nimefungwa mikono kwa khanga. Kichwa kinainama chenyewe mlangoni. Nakaa chini kwenye mkeka, nimechoka, namlaumu mama yangu mzazi.

"Usimlaumu mama," anasema Bi Mahfudha. "Hawa wangu hawakuondoka kwa ukorofi. Hakuna hata mmoja aliyekusudia. Walikatika. Mmoja chaji iliisha, mwingine mtandao ulianguka, mwingine mtoto alilia. Kuondoka bila kuaga si jambo la kukusudia. Ni la kukatika."

"Kwa hiyo basi unajua hawapo," namwambia. "Unajua walikatika. Kwa nini usiviondoe?"

Anamimina chai ambayo hakuna aliyeiomba.

"Nijue mimi, na wao wajue nini? Mtu amekatika katikati ya neno. Anahangaika huko, anatafuta umeme, anaazima simu ya jirani. Akirudi akute kikombe chake kimeoshwa, kimefunikwa? Atasema, kumbe nilipopotea tu, huyu alishukuru. Kumwondolea mtu kikombe hajaaga ni kumwambia usirudi."

"Lakini wengine hawarudi, Bi."

"Hao ndio wanaoniuma."

Bwana Mpunguza anatoa leso, anapangusa miwani ambayo hana. "Pole," anasema, na safari hii sijui anamwambia nani.

"Nipe kanuni," Bi Mahfudha ananiambia. "Mimi si mkaidi. Mimi hufuata kanuni iliyoandikwa, na niliyoandikiwa inasema akiaga, rudisha. Haisemi kitu kuhusu aliyekatika. Niandikie nyingine. Ila iwe inaondoa kikombe, isimfukuze mtu. Ikimfukuza mtu siitaki, bora nipunguzwe pamoja na vikombe vyangu."

"Nitaiandika."

"Kwanza mwonyeshe huyu bwana kikombe kinavyokwama, atupe huo muda."

"Nitakatikaje? Mimi sina chaji ya kuisha."

Ananitazama. Ndipo nagundua kwamba alishalijua hilo muda mrefu, na amekuwa akiliahirisha.

"Wewe, mwanangu, umelala," anasema.

Naangalia miguu yangu. Kweli, haina kivuli.

"Ukiamka katikati ya neno, umekatika," anasema. "Hutakuwa umeaga. Kikombe chako kitabaki hapa, na huyu ataona kwa macho yake."

"Na nitarudi?"

"Watu huota wanachotaka?"

Bwana Mpunguza anasogea karibu, ameegemea magoti, kwa mara ya kwanza amechangamka. Bi Mahfudha analiweka birika juu ya makaa, na linachemka papo hapo, mpaka kifuniko kinacheza. Anakichukua kabatini kile kikombe kisicho na mkono. Anamimina chai ya tangawizi iliyo bado inatokota, ananikabidhi kwa mikono miwili.

"Kunywa huku unaongea," anasema. "Sema jambo unalolitaka kweli, ndipo utakatika vizuri. Ukisema la kupita tu, utalimaliza."

Nashika kikombe. Nafikiri niseme nini. Natafuta mzaha, kama kawaida yangu, na mifukoni sina hata mmoja. Namwona amekaa mkekani, mikono mapajani, amejiandaa kungoja, na nyuma yake jukwaa zima limejaa vikombe vya watu waliosema subiri.

"Bi Mahfudha," nasema, "mchana nilitamka neno kuhusu wewe, na nilitaka kukwambia kwamba wewe ni" na napiga funda.

Niliamka kwa kuruka.

Nilikuwa kwenye kiti cha sebuleni kwangu, shingo imepinda, kompyuta imenilalia mapajani. Nje kulikuwa kumekucha, jirani anafagia. Mke wangu Salha alikuwa amesimama mlangoni anakunja nguo, ananitazama.

"Mbona umetoa ulimi kama mjusi?" aliuliza.

"Umeungua."

Ulikuwa umeungua kweli. Ncha yake ilikuwa nzito na kavu, ukiigusa na meno inawasha. Nilikwenda kwenye kioo, nikautoa wote. Ulikuwa mwekundu, na pembeni pametoka kilengelenge kidogo cheupe.

"Chai yako ya jana ilikuwa ya moto mno," nikamwambia.

"Chai ipi? Jana hukunywa chai. Nilikuletea, nikakwambia chai hiyo, ukasema 'nakunywa sasa hivi', ukalala hapo hapo na kompyuta yako."

Nilisogea akanishika kidevu, akautazama ulimi kwenye mwanga wa dirisha. Akaunusa mdomo wangu.

"Tangawizi," alisema polepole. "Na tangawizi humu ndani imekwisha tangu juzi."

Sikutaka kumweleza, angenicheka mpaka Idi. Nikageuka kwenye meza ndogo. Kikombe changu kilikuwepo, kimeoshwa, kimefudikizwa juu ya kisahani.

"Umekiondoa?" nikauliza.

"Nimekiosha."

"Na mimi sijaaga?"

"Umuage nani? Ulikuwa unakoroma."

Najua nilichokuwa nafanya hakikuwa na akili. Asubuhi ile ile nilitakiwa nikamweleze mkuu sababu, nayo nilikuwa nayo tayari. Kilichokosekana ni kanuni ya kuondoa kikombe bila kumfukuza mtu, na bila hiyo, programu ingefutwa kabla ya saa ya chai. Badala ya kwenda kuoga, nilisimama sebuleni nikabishana na mke wangu kuhusu kikombe. Nikamwambia mtu aliyekatika katikati ya neno haondolewi chombo chake. Nikamwambia hakukusudia kuondoka, pengine anahangaika huko aliko atafute njia ya kurudi, na akirudi akakuta kimeoshwa atajua hakungojwa.

"Ulinionaje mimi, Salha? Nimesema nakunywa sasa hivi. Ulitakiwa ungoje."

"Nilingoja."

"Mpaka lini? Halafu ukaamua Mhando basi tena, ukanawa mikono? Kumwondolea mtu kikombe hajaaga ni kumwambia usirudi."

Salha alilitundika shati langu begani mwangu, akainyoosha kola.

"Chai ilipopoa nikainywa mwenyewe," alisema. "Kwani nimekuacha?"